Alama ya Kujumlisha

Mzee wa hadithi hii ni wa kubuni. Mahali alipoishi, Amani, si pa kubuni, wala ugonjwa wake. Ujanani alifanya kazi ya kupaka rangi slaidi za damu katika maabara ya malaria pale juu mlimani, mahali ambapo Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902. Alama za kujumlisha alizijua vizuri: moja, wadudu ni wachache; nne, mgonjwa akimbizwe.

Uzeeni uvimbe ukamtoka shingoni, hauumi. Jirani akasema mafindofindo, mwingine akasema kimeo. Kimeo kikakatwa. Miezi ikapita akisukutua maji ya chumvi, mpaka mpwa wake alipomteremsha Muheza, kisha Tanga, kisha Dar es Salaam, akachukuliwa kinyama. Saratani ya koo, imeanzia kwenye findo.

Kinyama kilipimwa pia protini iitwayo p16. Virusi vya HPV vikikaa kooni huharibu breki inayozuia seli zisizaane ovyo, na breki hiyo ikishaharibika p16 hurundikana ndani ya seli. Kinyama hupakwa rangi. Asilimia 70 ya seli za saratani au zaidi zikikolea, jibu ni chanya. Saratani ya namna hiyo husikia tiba kuliko ile ya sigara na pombe. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010, wagonjwa wenye virusi hivyo kwenye uvimbe, 82 katika kila 100 walikuwa hai baada ya miaka 3. Wasio navyo, 57.

Karatasi ya majibu ya mzee ikaja na alama ya kujumlisha. "Mjomba, safari hii kujumlisha ni heri," mpwa akamwambia. Mzee akacheka. Karatasi akaikunja, akaitia mfukoni.

Alipangiwa mionzi mara 35, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki 7. Wiki ya nne kinywa kikachubuka, hata kumeza uji kukawa kama kumeza moto. Akapiga hesabu: kama ugonjwa wenyewe ni mpole, mara 20 si zatosha? Akapanda basi la Muheza.

Tusimcheke upesi. Mabingwa nao walishawishika na hesabu hiyohiyo. Wakijua kwamba wagonjwa wa aina hii hupona zaidi, waliwabadilishia baadhi yao sisplatini, dawa kali, wakawapa setuksimabu iliyodhaniwa nyepesi. Majibu yakatoka mwaka 2018: katika utafiti mmoja, baada ya miaka 5, waliobaki hai ni takribani 78 katika 100 kwa dawa mpya, na 85 kwa ile ya zamani. Tofauti yao na mzee ni kwamba wao walihesabu, wakaona, wakarudi nyuma.

Tena wale 82 walihesabiwa baada ya kutibiwa. Mzee aliichukua namba yao akaacha tiba yao. Na utafiti uleule wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba sigara za miaka mingi hupunguza heri hiyo. Yeye alivuta tangu maabara, hakuulizwa, naye hakusema.

Uvimbe ulirudi upande uleule. Mpwa alipopanda tena Amani alimkuta barazani, ukungu umefunika mivule. Sauti ilikuwa imekwisha. Mzee akaikunjua karatasi juu ya goti, akaweka kidole chini ya ile alama, kisha taratibu, kwa kucha, akachora pembeni yake nyingine tatu.