Jirani Asiyeonekana

Mvuvi wa delta ya Rufiji hashindani na maji. Husubiri bahari ijae, ndipo mtumbwi wake upande polepole katikati ya mikoko, yangeyange wametulia matawini na mamba anaota jua topeni. Maji yakipwa, humrudisha alikotoka. Mtu wa Iyunga, Mbeya, huenda asimwone mvuvi huyo maisha yake yote. Je, anawajibika kwake? Nasema ndiyo, na kinachowaunganisha ni sahani ya wali wa Usangu. Mito ya Mbarali, Kimani na Chimala hushuka bonde la Usangu, hugawiwa kwenye mashamba ya mpunga, hutua katika ardhioevu ya Ihefu, kisha hutoka humo kama Ruaha Mkuu, ikapita mabwawa ya Mtera na Kidatu hadi Rufiji. Tangu mwaka 1993 Ruaha hukatika kila kiangazi ndani ya hifadhi ya taifa inayobeba jina lake, viboko wakabanana kwenye vidimbwi vya matope. Na kule delta nako hulimwa mpunga, unaotegemea maji baridi yanayosukumwa mashambani na bahari inayojaa. Mto ukidhoofu, chumvi hupanda.

Wapo watakaosema kwamba Msamaria wa Injili ya Luka alimsaidia majeruhi kwa kuwa alimkuta njiani, na kwamba hakuna adaiwaye na mtu asiyemwona. Lakini kuhani na Mlawi nao walimwona, wakapita kando. Macho hayakuwafanya jirani. Uislamu, dini ya wengi kule delta, unafika mbali zaidi: unakataza israfu ya maji hata kwa anayetawadha penye mto unaotiririka, mahali ambapo hakuna anayeonekana kupungukiwa.

Pingamizi zito zaidi ni la hesabu. Mto Kilombero huipa Rufiji maji mengi kuliko Ruaha, na sasa bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022, limesimama katikati ya njia. Basi banio moja la Mbarali, lango la kuingizia maji mashambani, litamfikia nani? Huenda lisimfikie mvuvi, lakini kiboko wa Ruaha litamfikia, na wajibu haufutiki kwa sababu sehemu yangu ni ndogo. Wengine huuliza kama mnyama atangulie mbele ya mkulima mwenye watoto. Hapana, na wala sitetei yaliyotokea mwaka 2006 na 2007, wafugaji walipohamishwa Usangu na mifugo yao: kundi moja lilibebeshwa lawama, na mto ukaendelea kukauka. Ninachodai ni kidogo kuliko kuhamisha watu, nacho hakimnyimi mtoto wa mtu chakula. Mpunga ukishavunwa, banio likiachwa wazi, maji huingia kwenye mashamba matupu na kuishia juani. Mkono unaoweza kulifunga upo, na Septemba, viboko wanapobanana, hakuna mpunga unaoyangoja maji hayo.