Wewe Usiyelala, Simama!

Unajua! Unajua kwamba hulali. Unajua kwamba mlango ukigongwa unajitupa chini, kwamba moshi wa majani ukinuka unarudi kwenye vita vya Nyunzu, kwamba watoto wako wananyamaza ukiingia. Na bado unasema: tutaona kesho!

Ewe mama uliyekimbia Manono, ewe baba uliyefika Kalemie mikono mitupu mwaka 2017, Batwa na Baluba walipochomeana vijiji, sikia! Ndani ya ubongo mna mlinzi mdogo, amigdala. Aliona moto, na tangu siku ile hajashuka zamu. Kila usiku anapiga yowe: adui! Adrenalini inamwagika, moyo unadunda, jasho linatiririka. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima mambo, inazidiwa. Hipokampasi, inayopanga kumbukumbu, haiwezi kukuambia: yale yalishapita.

Usiite laana! Usiite uchawi! Usiite woga!

Nawe umekimbilia wapi? Kwenye lutuku, ile pombe kali! Inakulaza kidogo, inakuamsha na hofu ileile, kisha inaangusha ngumi yako juu ya mke wako. Wengine wamepelekwa chumba cha maombi, wakafungwa kamba, wakanyimwa chakula. Omba, ndugu, hata mimi naomba! Lakini amfungaye mgonjwa kamba hamtoi pepo, anamwongezea vita.

Rudi! Njia ipo, na imepimwa papa hapa Kongo. Mwaka 2013 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa vijiji vya Kivu: wanawake walioumizwa na ubakaji, wengi wasiojua kusoma, walikaa kwa vikundi na wasaidizi Wakongomani waliofunzwa, wakajifunza kuyahoji mawazo yanayowatesa. Miezi sita baada ya matibabu, nafuu yao ilikuwa kubwa kuliko ya wenzao waliopata msaada wa mtu mmojammoja. Wanavijiji! Bila mashine, bila daktari bingwa!

Wewe unangoja nini? Amani irudi kwanza? Nyumba ijengwe kwanza? Hofu yako inamlea mtoto wako leo!

Na kama umewaza kujiua, usibaki peke yako usiku huu: gonga kwa jirani, mwamshe, mwambie!

Kukikucha, nenda kituo cha afya. Usiseme kichwa kinauma, ukapewa vidonge ukarudi. Sema: silali, naona vita, naogopa mikono yangu mwenyewe. Sema hivyohivyo! Muuguzi asipoelewa, rudia!