Deni na Khiyari ya Wakili

Kijana amemaliza masomo ya sheria, ameapishwa, jina lake limeandikwa katika daftari la mawakili, na anadaiwa. Mbele yake pana milango miwili. Mmoja ni wa ofisi kubwa ya Nairobi iandikayo mikataba ya mabenki na makampuni, na mshahara wake ni mwema. Wa pili ni wa ofisi ndogo ya Kwale au Malindi, ambako wateja ni wenye mashamba yasiyo na hati, wajane waliozuiliwa urithi wao, na vijana waliokamatwa usiku. Hawa huleta shida nyingi na fedha chache. Je, kijana huyu ana haki ya kuingia mlango wa kwanza? Na sisi tunaomtazama, tuna haki ya kumlaumu?

Barazani jambo hili hukatwa upesi. Mmoja husema, "Huyo amesoma, sasa ametusahau," na wote hutikisa vichwa. Lakini hukumu bila ya ushahidi si hukumu, na ushahidi wa jambo hili umo katika hesabu.

Kabla ya mwaka 1961, ulipofunguliwa mlango wa kusoma sheria Dar es Salaam, kijana wa Afrika ya Mashariki aliyetaka uwakili hakuwa na budi kuvuka bahari. Argwings-Kodhek alisomea Uingereza, kisha akarudi Nairobi akawatetea walioshtakiwa wakati wa vita vya Mau Mau. Leo safari ni fupi, lakini gharama haikuondoka. Shahada ya sheria ni miaka 4. Baada yake kuna Chuo cha Sheria cha Kenya na ada yake, kisha miezi 6 ya kufanya kazi chini ya wakili mzoefu, ambayo wengi huipitisha kwa nauli na chakula cha mchana tu, na mitihani juu ya hayo. Mzee mwenye duka dogo au mashua moja hawezi kuubeba mzigo huu peke yake, na kwa hivyo mtoto hukopa.

Mkopeshaji anayejulikana zaidi ni bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995. Riba yake kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza imejulikana kwa miaka mingi kuwa 4 kwa mia kwa mwaka. Tuseme kijana amekopa shilingi 300,000. Riba ya mwaka mmoja ni 12,000, na hilo laonekana jepesi. Lakini mwaka mmoja baada ya masomo hutakiwa aanze kulipa, na sheria imeweka faini isiyopungua shilingi 5,000 kwa kila malipo ya mwezi yaliyopita bila ya kutolewa. Asiyepata kazi mwaka mzima huongezewa 60,000, yaani mara 5 ya riba yenyewe. Basi kinachomsukuma kijana kwenye mlango wa kwanza si tamaa peke yake. Ni khofu ya mwezi ujao.

Hapa huzuka swali la riba, nasi hatulikimbii. Wako wasemao kuwa mkopo huo ni haramu kwa kila hali, na wako wanaouona kuwa dharura. Mabishano hayo yana wenyewe na yana vitabu vyake. Lakini twauliza: mwenye kumwambia mtoto wa maskini, "Usikope," amemwonyesha njia gani nyingine? Kukataza ni kazi ya ulimi, na ulimi haulipi ada. Mji ambao hauna mfuko wa kumkopesha mwanafunzi bila ya riba umekwisha kumchagulia njia kabla hajauliza.

Turudi kwa yule kijana. Wengi wetu hudhani kuwa heshima iko Kwale na aibu iko Nairobi. Kwa maoni yetu mambo si hivyo. Deni ni haki ya mtu mwingine iliyo shingoni mwa mdaiwa. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, katika Suratul-Baqara, ni ya kuandika deni, na Mtume (S.A.W.) alipokuwa akiletewa jeneza aliuliza kama maiti ameacha deni. Kuwatumikia wanyonge ni jambo kubwa, lakini mtu hatoi sadaka kwa mali ya mwenziwe. Kijana aendaye kuandika mikataba ya halali ili alipe anachodaiwa anatimiza wajibu, wala hastahili kudharauliwa na watu ambao hawakuchangia hata kitabu kimoja cha masomo yake.

Udhuru huu una mipaka. Deni laweza kumhalalishia kuchagua mshahara mkubwa baina ya kazi mbili za halali, lakini halimhalalishii kazi ya batili. Pwani yetu yajulikana kwa mashamba. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wapeleke madai yao kwa karatasi, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali ya Kiingereza. Kwa hivyo hadi leo kuna watu waitwao maskwota mahali walipozikwa babu zao. Mnunuzi wa kiwanja cha ufukweni akimjia wakili mwenye deni, akamtaka aandike mauzo huku wote wawili wajua kuwa warithi wengine hawakuulizwa, deni halibadilishi jina la kitendo kile. Hatari ni kwamba mwenye deni ndiye mwepesi zaidi wa kujidanganya. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa kwa nini huomba sana kuepushwa na deni, alijibu kwa maana hii: mwenye deni husema akaongopa, na huahidi asitimize. Na wakili kazi yake yote ni kusema na kuahidi.

Mpaka wa pili ni muda. "Nitalipa kwanza, kisha nitarudi," ni neno jema likiwa na tarehe. Lakini mshahara mkubwa huzaa matumizi makubwa: gari, nyumba ya kukodi katika mtaa wa wakubwa, na harusi ya siku 4 (ambayo sisi wazee ndio tunaoishurutisha, kisha twashangaa kijana harudi). Deni la masomo hulipwa likaisha, na deni la fahari likachukua mahali pake.

Milango nayo si miwili tu. Iko kazi ya uhakimu, iko ya uendeshaji wa mashtaka ya serikali, na kwa aliyesoma dini sawasawa uko ukadhi, ambao Katiba ya mwaka 2010 imeutaja katika kifungu cha 170. Kazi hizi hulipa mshahara wa kila mwezi, na mwenye deni ahitaji zaidi uhakika wa mwezi kuliko wingi wa siku moja.

Lakini mzigo mkubwa ni wetu. Mji unaohitaji wakili wa wanyonge, na usipate hata mmoja, una faradhi ya kifaya iliyoachwa. Huko Marekani, ambako madeni ya wanasheria ni makubwa kupita ya kwetu, ilitungwa sheria mwaka 2007 kuwa mdaiwa aliyefanya kazi ya umma na akalipa mara 120, yaani miaka 10, husamehewa lililobaki. Sisi tuna wakfu wa nyumba na mashamba tangu zama za babu zetu. Kama masharti ya waliouweka yaruhusu, na pale yasiporuhusu kwa mchango mpya, kwa nini usiwepo mfuko wa kumkopesha mwanafunzi wa sheria bila ya riba, na kumpunguzia fungu moja kwa kila mwaka atakaowatumikia watu wa Kwale, Malindi au Lamu?

Atakuja mtu aseme kuwa huko nako ni kumfunga kijana kwa kamba nyingine. Ni kweli, na ndiyo sababu mkataba huo hauna budi kuwa na mlango wa kutokea. Akitaka kwenda Nairobi, alipe kile alichokopa bila ya nyongeza wala faini, apewe stakabadhi yake, na wala jina lake lisitajwe barazani.