Siku ya Tatu Mpe Jembe



Wahenga wetu walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mithali hii twaijua sote, na mara nyingi twaisema kwa kicheko, kana kwamba maana yake ni kumfukuza mgeni kwa adabu. Lakini tukiitazama vizuri twaona kwamba ina heshima ndani yake. Mtu aliyepewa jembe amekwisha kuhesabiwa miongoni mwa watu wa nyumbani. Hakai tena pembeni akingoja kuletewa chakula. Shamba lamngoja kama linavyowangoja wengine. Basi tungependa tuulizane maswali mawili. Mtu aliyekimbia vita, akafika mahali ambapo hajui lugha ya watu, jembe lake ni lipi? Na sisi Wakristo tukimpa jembe hilo, je, twaruhusiwa kumdai kitu?

Swali la kwanza halina ugumu mwingi. Jembe lake la kwanza ni lugha. Mama asiyejua lugha ya mahali alipo hawezi kumwambia mganga mtoto anaumwa wapi, wala dawa hii ameipa mara ngapi. Sokoni hulipa bei yoyote anayotajiwa. Baba akipewa karatasi ofisini huweka dole gumba bila kujua amekubali nini. Tena liko jambo ambalo wengi hatulifikirii. Watoto hujifunza lugha upesi kuliko wazazi, basi mtoto wa miaka tisa huwa ndiye mkalimani wa nyumba. Yeye husikia kwanza habari za ugonjwa wa baba na deni la mama, na yeye ndiye anayeamua awaambie nini. Nyumba ambayo mtoto ni kinywa cha wazazi wake imegeuzwa juu chini, wala hakuna aliyekosa.

Sisi tunaokaa chini ya Mlima Meru hatuwezi kusema kwamba ukimbizi ni habari ya mbali. Pale Tengeru, karibu na ziwa Duluti, tangu mwaka 1942 waliishi Wapolandi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Mwaka 1940 na 1941 Wasovieti walikuwa wamewaondoa makwao kwa nguvu, wakawapeleka Siberia na Kazakhstan. Kisha walipitia Uajemi hata wakafika Afrika Mashariki. Tengeru walikuwa na kanisa, shule na hospitali. Watoto walisoma kwa Kipolandi, kwa maana wazazi walitumaini kurudi. Vita ilipokwisha, mipaka ya nchi yao ilikuwa imesogezwa, na wengi hawakuwa na pa kurudia. Walitawanyika Uingereza, Kanada, Australia na kwingineko, wakaanza maisha upya katika lugha ya wengine. Wachache walibaki huku, na makaburi ya wenzao waliofia hapa yapo Tengeru mpaka leo, karibu mia na hamsini.

Kisha, Novemba 1951, serikali ya Kiingereza iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 katika Ngarenanyuki ili nchi hiyo wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa, akasimama mbele ya watu ambao hata mmoja wao hakuijua lugha ya mama yake. Hivyo katika miaka kumi tu, mlima huu mmoja uliwaona wageni waliopewa mahali na wenyeji walionyang'anywa mahali. Mwenyeji wa leo hajui kama kesho hatakuwa mgeni. Ndiyo sababu Torati iliwakumbusha Waisraeli mara nyingi kwamba wao nao walikuwa wageni katika nchi ya Misri.

Nchi yetu imekwisha kuijaribu mithali ya jembe kwa njia mbili, nasi twaweza kujifunza kutoka zote mbili. Njia ya kwanza ni ile ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972 walipewa mashamba huko, na watoto wao wakasoma katika shule za Kitanzania kwa Kiswahili. Makanisa yalikuwa na sehemu kubwa katika kazi hiyo, hasa kwa njia ya TCRS, shirika ambalo Walutheri walilianzisha mwaka 1964 walipokuja wakimbizi wa Rwanda. Mei 1979 mji wetu wa Arusha ulipokea mkutano wa Afrika nzima juu ya wakimbizi, na mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alipewa nishani ya Nansen kwa ajili ya ukarimu wa Tanzania. Mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 wa makazi hayo, wazazi, watoto na wajukuu, walipokea hati za uraia. Walikuwa wamelima muda mrefu, na walikuwa wakisema kama sisi tusemavyo.

Njia ya pili ni ya kambi. Nyarugusu, katika wilaya ya Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongomani, na baadaye Warundi wengi wakaja huko pia. Sheria ya mwaka 1998 iliwataka wakimbizi wakae katika maeneo waliyotengewa, na watoto wamefundishwa kwa mitaala ya nchi walizotoka. Sababu yake twaifahamu, nayo si ya ubaya: mtoto atakayerudi kwao asikose shule ya kwao. Wazazi wa Tengeru waliwaza vivyo hivyo. Lakini siku ya tatu ikipita, na mwaka wa tatu, na wa ishirini, na mtoto aliyezaliwa kambini akawa mzazi kambini, ndipo tunapoona uchungu wa mgeni asiyepewa jembe. Hupewa chakula, lakini hana la kufanya kwa mikono yake.

Hata hivyo hatusemi kwamba lugha yatosha. Jembe bila shamba ni chuma tu, na mashamba na vibali viko mikononi mwa serikali, si mikononi mwa mtaa wa kanisa. Lakini lugha ni kitu ambacho mtaa wowote waweza kutoa, hata ulio maskini, kwa kuwa aitoaye hapungukiwi nayo.

Sasa twaja kwenye swali la pili, nalo ndilo gumu. Kanisa likifungua darasa la lugha, liseme nini juu ya Injili? Wako wanaosema: Kazi yetu ni kuhubiri, kama darasa halileti watu kanisani, lina faida gani? Na wako wanaosema kinyume chake: Mfunze mtu lugha, unyamaze juu ya imani, maana yeye yu katika shida na hawezi kukataa.

Sisi Waanglikana tunayo historia yetu katika jambo hili. Kanisa letu la pwani lilikua sana kati ya watu waliong'olewa makwao. Watumwa waliookolewa majahazini walipelekwa Mbweni na Kiungani kule Unguja, na Freretown karibu na Mombasa tangu mwaka 1875. Walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengine, wasioelewana wao kwa wao. Walifundishwa Kiswahili, wengine Kiingereza pia, na ufundi wa mikono. Kutoka kwao Bwana alitupa walimu na makasisi wa kwanza, kama Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni, akapewa ukasisi mwaka 1890. Twamshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini yatupasa pia kusema kweli: mtoto yule hakuwa na nyumba nyingine ya kwenda. Alipokubali ubatizo, alikuwa ameitikia mwito au alikuwa akimtii amlishaye? Mioyoni mwao aliona Mungu peke yake. Kwetu sisi yatosha kujua kwamba aliye na chakula, nyumba na lugha mkononi ana nguvu juu ya asiye navyo, na nguvu hiyo yafaa kushikwa kwa hofu.

Tumtazame Bwana wetu mwenyewe. Waliponywa wakoma kumi, akarudi mmoja kushukuru, naye alikuwa Msamaria, mgeni. Bwana aliuliza wale tisa wako wapi, kwa maana aliona kukosa shukrani kwao. Lakini hatusomi popote kwamba ukoma uliwarudia. Uponyaji ulikuwa zawadi, na zawadi haikugeuka kuwa deni walipokosa kurudi. Tena yule Msamaria wa njiani alimlipia mjeruhi nyumba ya wageni, akaenda zake bila kumwuliza anaabudu mlima gani.

Kwa hiyo twaweza kupima darasa letu kwa kipimo hiki. Mwislamu akiingia, akajifunza mpaka mwisho, akatushukuru, akaenda msikitini kwake, je, tutasema kazi yetu ilipotea? Tukisema ndiyo, basi hatukuwa tukifundisha, tulikuwa tukivua samaki kwa chambo. Na tujiulize kutoka upande wa pili. Binti zetu wengi wamekwenda kufanya kazi za nyumbani Muscat na miji mingine ya Ghuba, wakafika hawajui Kiarabu. Mtu wa huko akimfundisha binti wa jirani yetu maneno ya kumwokoa katika shida, twataka amwekee sharti la kuiacha imani yake? Tusilolitaka kwa mtoto wetu, tusimfanyie mtoto wa mwenzetu.

Lakini hii haina maana kwamba tuifiche imani. Darasa lililo kanisani lajulikana kuwa ni la kanisa; msalaba uko ukutani na hatuhitaji kuufunika. Mwanafunzi akiuliza kwa nini tunajisumbua jioni bila mshahara, tumjibu kweli, kwa jina la Kristo. Tofauti iko kati ya kumkaribisha mtu na kumtoza. Anayekaribishwa aweza kukataa, na kesho akarudi darasani akakuta kiti chake pale pale.

Liko onyo moja zaidi. Tusimfundishe mgeni lugha yetu kwa namna ya kumwonea aibu kwa ajili ya yake. Siku ya Pentekoste umati haukupewa kujua Kigalilaya. Kila mtu alisikia matendo makuu ya Mungu katika lugha aliyozaliwa nayo. Mrundi akijua Kiswahili atanunua na kuuza, lakini huenda bado atalia na kuomba kwa Kirundi. Mtaa wenye busara humwacha aimbe wimbo wake, na wenyeji nao wajifunze kiitikio. Askofu Steere na wenzake walipofika Unguja walikaa nao kama wanafunzi wa Kiswahili.

Na tusidhani kwamba kiti cha mwanafunzi ni cha wengine siku zote. Tangu mwaka 2007 Marekani ilipokea maelfu ya Warundi wa 1972 kutoka nchini kwetu, na baadaye Wakongomani wengi wa Nyarugusu. Huko, watu waliokuwa wasemaji hodari wa Kiswahili waligeuka bubu tena. Wengi wao walianza Kiingereza katika kumbi za makanisa, wakifundishwa na wazee wa kujitolea. Mtu mzima, mwenye wajukuu, alikaa kutamka majina ya siku kama mtoto wa chekechea. Alihitaji mwalimu mvumilivu, na zaidi alihitaji mwalimu asiyecheka.

Wakimbizi wengi wako Kigoma, nasi tuko Arusha. Lakini tukitazama vizuri hatutakosa wa kumpa jembe. Wako wanaokuja mjini kutoka nyikani, wajuao Kimaasai au Kiiraqw peke yake, wanaosimama dirishani pa hospitali wasijue la kusema. Wako majirani kutoka Kongo na Burundi wanaokifahamu Kiswahili lakini wameshindwa na Kiingereza cha barua na cha kazi. Ukumbi wa mtaa hukaa bure jioni nyingi za wiki. Ubao upo, na walimu wastaafu tunao. Tuanze na maneno ya zahanati, ya soko na ya nauli, kabla ya sarufi. Akina mama wawe na saa yao, na mtu awashikie watoto. Majina yasiandikwe kwa dini wala kwa kabila. Na kila mmoja wetu, hata asiye mwalimu, aweza kufanya hili: kumsikiliza polepole mtu anayetafuta neno, asilimalizie sentensi kwa haraka.

Bwana Yesu alichukuliwa Misri angali mchanga, na wazazi wake waliishi kati ya watu wa lugha nyingine. Hatujui ni nani aliyewaelekeza kisima, lakini bila shaka palikuwa na mtu. Mungu atujalie kuwa mtu huyo kwa mwenzetu. Amina.