Mkono Uliobana Mfuko

Hebu kunja ngumi, kunjua. Tena. Endelea hivyo saa nzima, mkono wenyewe utakusimulia.

Agosti 1952, jijini Copenhagen, Denmark, polio ilikuwa imepamba moto. Katika hospitali ya Blegdam wagonjwa walipooza hadi misuli ya kupumua, na mashine zilikuwa chache mno. Akaitwa Bjørn Ibsen, daktari wa usingizi, mtu wa chumba cha upasuaji. Akaletewa binti wa miaka 12, hali yake mbaya. Wakamtoboa koo, wakapitisha mpira. Binti akahangaika, hewa haiingii. Madaktari wengine wakaanza kutoka chumbani. Ibsen akamchoma dawa ya usingizi, mwili ukalegea, naye akabana mfuko wa hewa kwa mkono. Kifua kikapanda. Kikashuka. Kikapanda tena.

Basi wakaitwa wanafunzi wa udaktari, kama 1,500 kwa jumla, wakapokezana zamu usiku na mchana. Vifo vikapungua sana.

Wengi wetu tungeridhika na sifa hizo. Ibsen, mwaka uliofuata tu, alianzisha wodi ya wagonjwa mahututi katika hospitali nyingine jijini humo, nayo huhesabiwa miongoni mwa ICU za kwanza duniani. Kwangu mimi, kazi hiyo ya kupanga vitanda na zamu ni kubwa kuliko ule ujasiri wa siku moja.

Na wale wanafunzi? Mkono mmoja kwenye mfuko, wengine wakiwasomea watoto hadithi.