Tafakuri ya Siku ya 12: "Basi Bibi, Haina Neno"



Leo tujiulize swali dogo. Mko kwenye futari, watu wanacheka, bibi anauliza, "Amesema nini?" Unamjibu, "Basi bibi, haina neno." Je, umemkosea?

Wengi tutasema hapana. Hukumtukana, umeokoa muda tu. Ngoja kwanza tuangalie ndani ya sikio lake.

Huko ndani mna kijumba kilichojiviringa kama konokono, kimejaa majimaji. Humo mna seli kama 15,000 tu kwa kila sikio, kila moja ina vinyweleo vidogo sana. Sauti ikifika, majimaji yanatikisika, vinyweleo vinainama, habari inakwenda kwenye ubongo. Umri, makelele ya miaka mingi na baadhi ya dawa huziua seli hizi. Kuku zikimfa, huota nyingine. Binadamu hapana, zikishakufa ndiyo basi.

Tena mara nyingi zinazotangulia ni zile za sauti nyembamba, zinazobeba herufi kama s, f na t. Ndiyo maana bibi anasikia kwamba unaongea, ila maneno hayapati. Kumpigia kelele hakumsaidii sana. Kaa mbele yake aone midomo yako, punguza televisheni, sema taratibu.

Sasa turudi kwenye swali. Ukisema "haina neno", umeamua peke yako kwamba yeye hana haja ya kujua. Leo ni kichekesho, kesho habari ya msiba, keshokutwa shauri la shamba lake mwenyewe. Mwisho anaacha kuuliza. Anakula nasi lakini hayumo, na sisi tunasema, "Bibi siku hizi mkimya."

Surat Al-Israa inatukataza kuwaambia wazazi waliozeeka hata "akh". Utasema, mimi sikusema akh. Kweli. Lakini "basi, haina neno" yenye uso wa kuchoka imepishana nayo kiasi gani?

Vinyweleo vya bibi havioti tena. Subira yetu inaota kila siku, tukiitaka. Kwa hiyo mwenye uwezo wa kuongeza juhudi ni wewe, si yeye.

Amali ya leo: jioni akiuliza "nini?", mrudie yote, hata kichekesho. Na kama hajapimwa masikio, mpeleke. Wengine ni nta tu imeziba, wengine watasaidiwa na kifaa cha kusikia.

Allah atupe ndimi laini kwa wazee wetu, na atujaalie wa kuturudia maneno siku yetu ikifika. Amin.