Taa isiyoangaza: pambo ni la nani?

Waswahili wanasema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Siku ya leo methali hii inatumiwa sana kwa kuhukumu kila pambo. Kama kitu hakifanyi ile kazi ambayo umbo lake linaahidi, watu wanasema ni udanganyifu, ni kupoteza mali. Sisi tunaona hukumu hiyo inakata upesi mno. Tungependa, ndugu msomaji, tuipime pamoja kwa kutazama kitu kimoja: taa za zamani za udongo uliochomwa na kupakwa rangi, zile za kutundika na zile za kushikizwa ukutani.

Katika jumba la makumbusho la British Museum, kule London, kuko taa moja ya namna hiyo. Ilitengenezwa mwaka 1549 huko Iznik, mji wa Uturuki uliojulikana kwa mafundi wake wa vyombo vya udongo, nayo ilitoka kwenye Kuba ya Mwamba, Yerusalemu. Fundi aliyeipaka rangi aliandika jina lake, Musli, na akajiita fukara. Umbo lake ni lile la taa za kioo za misikiti ya Misri na Shamu: tumbo nene, shingo pana, na vishikio vya kupitisha minyororo. Lakini kioo kinapitisha mwanga, udongo haupitishi. Hata ukiweka mafuta na utambi ndani yake, mwanga unabaki tumboni, isipokuwa ule kidogo unaotokea juu mdomoni. Basi Musli alipoteza rangi zake juu ya nini?

Mwenye kushika methali ya mkakasi atajibu: alitengeneza taa ya uongo. Lakini mtu anadanganywa tu pale anapoamini kisicho kweli. Na ni nani aliyedanganywa hapa? Walioingia kusali walijua udongo ni udongo. Walijua tena aya ya Nuru, katika sura ya 24 ya Kurani, inayofananisha nuru ya Mungu na taa iliyowekwa ndani ya shubaka la ukuta. Kazi ya kuondoa giza ilifanywa na taa zingine. Taa ya Musli ilikuwa na kazi yake: kukumbusha mwanga ni alama ya nini. Haikumnyang'anya mtu hata tone moja la mwanga.

Tusidhani mawazo kama hayo ni ya mbali tu. Hapa kwetu Katanga, huko Sanga kando ya ziwa Kisale, wachimbaji wa mambo ya kale walifungua makaburi mengi katika miaka 1957 na 1958. Walikuta wafu wamezikwa pamoja na vyungu vizuri sana, na katika makaburi ya watoto vyungu vilikuwa vidogo, sawa na kimo chao. Chungu kidogo vile hakiwezi kulisha nyumba. Lakini nani kati yetu atathubutu kusema mama yule mfinyanzi alipoteza udongo wake? Alisema kwa mikono jambo ambalo mdomo ulishindwa kusema.

Sasa tugeuze swali. Kuko taa zilizopambwa ambazo ziliangaza kweli kweli. Kati ya 1757 na 1759, katika jumba la kifalme la Portici karibu na Napoli, Italia, malkia Maria Amalia alitengenezewa chumba kidogo ambacho kuta zake zimefunikwa kwa kaure, vipande zaidi ya 3000, vyenye maua, ndege na sura za Wachina. Mikono ya kushika mishumaa imetokeza ukutani, nayo pia ni ya kaure iliyopakwa rangi, na vioo vinaurudisha mwanga. Mwaka ule ule wa 1759 mume wake alikwenda kutawala Hispania, malkia akamfuata, na mwaka 1760 akafariki huko. Kwa kipimo cha mkakasi, taa za Portici hazina kosa lolote: zinaahidi mwanga, zinatoa mwanga. Hata hivyo moyo unasita. Nuru yote ile, na kazi yote ile ya mafundi, ilikusanywa kwa ajili ya mtu mmoja na wageni wake, na haikumfaa hata miaka miwili. Tangu 1866 chumba hicho kiko katika jumba la Capodimonte, ambalo sasa ni makumbusho, na mtu yeyote anayelipa tiketi anakitazama. Kaure ni zile zile. Kilichobadilika ni wale walio na ruhusa ya kuingia.

Ndiyo sababu tunasema kipimo cha mkakasi hakitoshi. Kuuliza kama kitu kinafanya kazi ni vizuri, lakini kuko swali lingine linalokuja mbele: ni nani anayebaki gizani ili hiki kipendeze? Taa ya Musli inajibu bila haya. Taa za malkia zinashindwa kujibu.

Nasi tunaoishi katika nchi hii tujiulize vile vile. Laini kubwa ya umeme inatoka Inga mpaka Kolwezi, karibu kilometa 1700, na inapita juu ya vijiji ambavyo usiku bado vinawasha koroboi. Katika miji, baba ananunua taa ya maua ya kupamba ukuta wa saloni, na mtoto wake anasoma masomo kwa mshumaa wa mwisho. Hatusemi baba huyo asipende uzuri; maskini naye ana haki ya kitu kizuri, na nyumba isiyo na pambo hata moja inachosha roho. Tunasema tu kwamba mtoto apate mwanga wake kwanza, hata wa taa ndogo ya kawaida. Kisha ile ya maua itundikwe ukutani, iwake ama isiwake, na hakuna atakayekuwa na neno juu yake.